Alama ya Kiwiko Ukutani

Ulimwona, wewe. Usijitie hamnazo. Ulipita mtaani kwenu asubuhi na ukapita jioni, na kila ulipopita ulimwona mwanamke mfupi juu ya jukwaa la mbao, kitambaa cha kichwani kimegeuka rangi ya saruji, mwiko mkononi, anapiga lipu na kuimba. Ulimwona pia yule mwanamume mrefu wa shati jeupe akimpandishia kikombe cha chai, akimfuta vumbi kwenye kope kwa kidole gumba, polepole, kama anayefuta kioo. Ukatabasamu. Ukamgusa mwenzio ubavuni, ukasema, "Wale wamependana." Kisha bango la INAUZWA likaning'inizwa getini, nawe ukageuza shingo, eti ya watu hayakuhusu. Nyumba ya kwanza ukageuza shingo. Ya pili ukageuza shingo. Basi leo ni ya tatu, na leo utatazama.

Mtaani walimwita Kitufe, kwa ufupi wake, na kwa kuwa alichokikaza kilikazika. Mwanamume walimwita Dalali, ingawa kazi yake ilizidi udalali. Alinunua nyumba zilizochoka humo mtaani, zile ambazo warithi wanazigombania huku mvua inaingia ndani. Alizipata kwa bei ya kutupa, Kitufe akazitibu, kisha zikauzwa kwa bei ya kutajwa kwa kunong'ona. Ukiisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Nyumba kuukuu inaficha ugonjwa wake mpaka uwe umeshailipia. Unavua dari, unakuta kenchi za paa zimeliwa na mchwa zikabaki maganda. Unachimba sakafu ya bafu, unakuta bomba limelazwa kinyume, maji yanarudi chumbani. Unapaka rangi, haipiti muda ukuta unatoa chumvi na rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Na huku kila mwezi unaopita bila mnunuzi unaitafuna faida.

Sasa sikiliza alichokigundua Dalali, maana hapo ndipo ubaya ulipozaliwa. Aligundua kwamba mkono unaotengeneza nyumba ya kuuza na mkono unaotengeneza nyumba ya kuishi na mume haufanyi kazi sawa, hata ukiwa mkono ule ule. Wa kuuza unapaka panapoonekana. Wa kuishi unavua lipu mpaka kwenye tofali, unaungoja ukuta ukauke hasa, unaziba hata tundu lililo nyuma ya kabati ambalo hakuna atakayeinama kulitazama. Akiisha kuligundua hilo, kila walipofungua mlango wa nyumba mpya alimshika Kitufe bega akamwambia, "Hii siiuzi. Hii yetu."

Na alikuwa na namna yake ya kulithibitisha. Alimsimamisha ukutani jikoni, akamkunja mkono, akapiga alama ya penseli chini ya kiwiko chake.

"Usitikisike."

"Unanitekenya."

"Kaunta itakaa hapa. Kimo chako. Sitaki mke wangu apike amenyanyua mabega kama askari wa gwaride."

"Na wewe mrefu hivyo utaoshaje vyombo? Utapiga magoti?"

"Nitapiga magoti."

Alisema hivyo na macho yake yakatulia usoni mwa Kitufe, yakakaa, yakasahau kuondoka. Penseli ikaanguka sakafuni na hakuna aliyeinama kuiokota. Mwanamke gani angekuwa pale asiamini? Wewe usingeamini?

Nyumba ya kwanza ikauzwa. Dalali alisema mteja amekuja na pesa ambazo hawataziona tena maishani. Mke wa mteja alikuwa mrefu, akainama kwenye kaunta ile fupi, akashika kiuno, akashusha bei mpaka Dalali akatokwa jasho. Nyumba ya pili ikauzwa pia. Safari hii Dalali alikuwa amejifunza: kabla wateja hawajaja, Kitufe mwenyewe aliivunja kaunta yake kwa nyundo na patasi, akaijenga upya juu zaidi, machozi na vumbi vikichanganyika shavuni kuwa udongo. Akasamehe. Akaingia nyumba ya tatu. Akasimama ukutani tena, akakunja mkono tena, akapigwa alama tena.

Asubuhi ya leo alikuwa anarudi kutoka kumuuguza mama yake. Alikuwa na kapu begani, na ndani ya kapu sufuria zilizong'arishwa kwa majivu. Mama yake alimkabidhi akiwa kitandani, akisema, "Za jikoni kwako, mwanangu. Kwako, si kwa watu." Kitufe alifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, akapokelewa na harufu ya gundi mbichi. Kaunta ilikuwa imeshawekwa. Jiwe jeusi, linang'aa, unaweza kujitazama meno.

Akacheka kwa furaha. Akachukua sufuria kubwa, akaiweka juu ya jiwe.

Mikono yake ikapanda. Ikapanda mpaka usawa wa kifua, kama mtoto anayenunua peremende dukani.

Alidhani ni viatu. Akavua viatu, jambo lisilo na maana, maana bila viatu alizidi kuwa mfupi. Kisha akachuchumaa, akaingiza kichwa chini ya jiwe, akaitafuta alama yake. Ilikuwepo. Mstari mdogo wa penseli, umeinama kidogo upande mmoja kwa sababu siku ile alikuwa anacheka, na jiwe liko juu yake kwa shubiri nzima.

Fundi marumaru alikuwa kwenye baraza anakunja turubai lake.

"Kaka," Kitufe alimwita. "Kipimo cha kaunta umepewa na nani?"

"Na bosi, dada."

"Alikupigia simu juzi?"

"Juzi wapi! Siku ile ile ya kwanza tulipokuja kupima. Wewe ulikuwa darini unahangaika na zile kenchi." Yule fundi alikuwa mtu wa maneno mengi asiyejua anakanyaga wapi. "Nikamwuliza, hii alama ya penseli ndiyo kimo? Akasema hapana, achana nayo hiyo, huo ni mchezo wetu."

"Mchezo wetu."

"Ndivyo alivyosema. Kwani nimekosea vipimo, dada?"

"Hujakosea, kaka. Kazi yako safi."

Siku ya kwanza. Kitufe alirudi jikoni akashika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili. Kwa hiyo mteja hakuja ghafla. Kwa hiyo hapakuwa na pesa za bahati, wala soko lililobadilika, wala shida ya dharura. Mtu alimkunja mkono, akamtazama machoni, akapiga alama, kisha akatembea hatua mbili tatu kwenda kwa fundi mwingine kumwambia aipuuze.

Gari likasimama nje. Sauti ya wifi ndiyo iliyotangulia kuingia, dada yake Dalali, mwanamke wa manukato makali na maua ya plastiki mkononi.

"Ah, fundi, umerudi! Afadhali. Vioo vya sebuleni vina alama za vidole, vipitishie kitambaa haraka. Wateja wako njiani."

Nyuma yake akaingia Dalali. Shati jeupe. Alipomwona Kitufe uso wake uliwaka kwa furaha ya kweli, kisha macho yake yakashuka kwenye sufuria iliyokuwa juu ya kaunta, na ile furaha ikazimika kama taa ya nyumba isiyolipiwa umeme.

"Kitufe. Ulisema unarudi kesho. Mama anaendeleaje?"

"Ulimwambia ni mchezo wetu."

"Nani? Hebu... tuongee nje."

"Nje nimesimama vya kutosha. Leo tunaongea jikoni."

"Sikiliza, mpenzi. Nilijihadhari tu. Soko hili unalijua. Kama tungehamia, kaunta ningeishusha."

"Ungeishusha!" Kitufe alipiga kofi juu ya jiwe, sufuria ikaruka. "Jiwe limegandishwa, vigae vimeshapanda juu yake mpaka dirishani, unaniambia mimi habari za kushusha kaunta? Ile ya nyumba ya pili ilivunjwa na nani? Malengelenge yalitoka mikononi mwa nani?"

"Si nilikupaka mafuta mwenyewe? Usiku kucha nilikuwa—"

"Ulinipaka, ndiyo. Kwa mgongo wa chupa."

Wifi alijikohoza. Hakuna aliyemgeukia.

"Na ile rangi," Kitufe aliendelea, sasa sauti yake imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi iliposhuka. "Nilitaka chumba cha kulala kiwe kijani. Ukaleta ndoo za rangi nyeupe. Ukasema nyeupe inatuliza macho."

"Inatuliza."

"Inauza! Wewe ndiye uliyenifundisha. Mnunuzi akute ukuta mtupu, ajichoree maisha yake mwenyewe. Nilijua, Dalali. Nilipochovya brashi nilijua, nikajikataza kujua. Nikasema, mwanamume aliyenitazama vile hawezi. Nikapaka. Na kuimba nikaimba!"

"Nakupenda," Dalali alisema. Alilisema mbele ya dada yake, na hilo hakuwahi kulifanya.

"Najua. Ndilo linalonichoma. Ungekuwa hunipendi ningekusahau nyumba ya kwanza."

Walitazamana. Hebu tuseme ukweli: palikuwa na mapenzi kwenye macho yale, na si ya kuigiza. Dalali alimtazama Kitufe jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani iliyo upande wa pili wa kioo. Mkono wake ukanyooka kutaka kumfuta kitu kwenye kope, kwa mazoea, ingawa leo Kitufe hakuwa na vumbi hata chembe.

"Usiniguse."

"Jamani," wifi akaingilia, "wateja wanafika sasa hivi. Wewe fundi, kama ni mambo ya malipo, kaa na kaka baadaye, muelewane kiungwana."

"Malipo? Wifi, unadhani nimekuja kudai malipo?"

"Wifi!" Yule mwanamke alicheka, cheko fupi la puani. "Wifi yako nani? Kaka, umemzoesha fundi mpaka ananiita wifi? Mwanamke anashinda juu ya ngazi, wanaume wanapita chini wakitazama juu, leo nimwite wifi? Mama akisikia ataanguka."

"Mama ameshasikia," Kitufe alisema. "Kaka yako aliniambia Mama mwenyewe ndiye aliyesema tupate nyumba kwanza, ndipo tufunge ndoa."

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka akatazama vigae.

"Mama gani huyo?" wifi akauliza taratibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza dharau. "Mama yetu? Mama yetu anajua kaka ana fundi mwaminifu. Basi. Hilo tu ndilo analolijua."

Kitufe hakupiga kelele. Kuna hasira inayofika mahali ikaacha kupiga kelele. Ikamjia kichwani nyumba ya kwanza, ikamjia ya pili, na zote zikapangika sawasawa kama vigae vinavyopigiwa kamba. Ndoa ilingoja nyumba. Nyumba haikupatikana kwa sababu kila ilipokamilika iliuzwa. Na iliuzwa kwa sababu nyumba ikibaki, itabidi mwanamume huyu mrefu, mwenye sauti nene, anayebishana na wenye viwanja mpaka wanalia, akasimame mbele ya mama yake aseme: huyu ndiye.

"Kumbe nilidhani una tamaa," alisema. "Tamaa ningeielewa. Kumbe wewe ni mwoga."

"Kitufe, Mama ni mtu mgumu. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri ni sasa. Mpigie."

"Wateja—"

"Mpigie. Weka sauti kubwa tusikie sote. Mwambie maneno mawili tu: nyumba haiuzwi, naoa. Ukiyasema, naivunja kaunta hii kwa mikono yangu naijenga upya, na sikuulizi la jana wala la juzi. Nakuapia kwa mama yangu niliyemwacha kitandani."

Dalali alitoa simu. Akabonyeza, akaiweka juu ya lile jiwe jeusi, na wote watatu wakaisikiliza inavyoita. Alimtazama Kitufe bila kupepesa, na Kitufe akamtazama yeye, na humo ndani ya macho yake kila kitu kilisema ndiyo, ndiyo, sasa hivi, subiri uone. Moyo wa Kitufe ukaanza kupanda ngazi bila ruhusa yake.

"Mwanangu!" Sauti ya mwanamke mtu mzima, imezoea kutiiwa. "Wateja wamefika?"

Dalali alifungua mdomo. "Mama."

"Nakusikia, baba. Wamefika?"

"Bado, Mama. Wako njiani."

"Vizuri. Na yule fundi wako keshamaliza? Usimwache azubae hapo, wateja wakamkuta. Nyumba ikionekana na mafundi inashuka hadhi."

Macho yao yalikuwa bado yameshikana. Kitufe aliona neno likipanda kooni mwa yule mwanamume. Aliliona kabisa. Aliliona likifika kwenye meno, likageuka, likavaa nguo nyingine.

"Amemaliza, Mama."

"Haya. Mungu akubariki."

Simu ikakatwa. Dalali aliendelea kuitazama kana kwamba ndiyo iliyosema.

Kitufe alianza kurudisha sufuria kapuni. Moja ndani ya nyingine, kwa utaratibu, kubwa kisha ndogo. Alikuwa anafunika kapu kengele ya getini ilipolia, na kabla wifi hajapanga vizuri tabasamu lake, wateja walikuwa wameshafika jikoni: mwanamume mwenye miwani na mkewe, kijana bado, mrefu, mikono yake imetangulia kugusa kila kitu.

"Tazama jiko hili!" yule mke alisema. Akaweka viganja juu ya jiwe, mikono imenyooka bila shida yoyote. "Kimo changu hasa. Yale mengine yote nilikuwa nainama. Nani amekufanyieni kazi nzuri hivi?"

Wifi alimtazama kaka yake. Kaka yake akalainisha koo.

"Nina fundi wangu mmoja," alisema.

"Alikuwa naye," Kitufe akasema.

Yule mke akageuka, akamwona mwanamke mfupi mwenye kapu la sufuria. "Samahani, dada, sikukuona. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mwulize."

Mwanamume wa shati jeupe akageukia dirisha.

"Basi nikuambie mimi," Kitufe alisema. "Ukuta wa nyuma niliuvua mpaka tofali, nikaungoja ukakauka, hautakutoa chumvi. Kenchi ni mpya zote. Bomba la bafu nimelilaza upya kwa pima maji, maji yanaenda yanakotakiwa kwenda. Humu ndani hakuna kitu kinachodanganya, dada yangu, isipokuwa hicho kilichoshika funguo."

"Mama wee," wifi akanong'ona.

Yule mke alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Wanawake wana namna yao ya kunusa jambo. Akainama chini ya jiwe kama anayekagua, akaona mstari wa penseli.

"Na hii alama ni ya nini?"

"Kiwiko changu," Kitufe alisema.

Yule mke alisimama wima, akaondoa viganja vyake juu ya kaunta kana kwamba jiwe limepata moto.

Kitufe hakungoja kuona watanunua au hawatanunua. Alichukua mwiko wake, timazi na pima maji kutoka nyuma ya mlango, akatumbukiza vyote kapuni juu ya sufuria za mama yake, akatoka. Alipita barazani, akapita chini ya madirisha aliyoyapaka kwa mikono yake, akafika getini. Hapo akasikia viatu vinakimbia juu ya kokoto.

"Kitufe! Kitufe, subiri!" Dalali alikuwa anahema, shati limechomoka kwenye suruali. "Hii nimekosa. Nakubali, nimekosa. Lakini nimeshaiona nyingine. Ya nne. Nimeshaongea na mwenyewe. Ile naapa siiuzi, na Mama nitampeleka mwenyewe aione, aione na wewe ukiwa ndani."

"Niache."

"Ina uwanja. Ina kuta za mawe, imara, siyo hizi za mchanga. Na jiko lake..." Alishusha sauti, sauti ile ya penseli. "Dirisha la jiko linatazama jua linapochomoza. Kama ulivyotaka."

Kitufe alikuwa ameshashika komeo la geti. Mkono ukasimama pale pale. Kapu zito begani, hasira kifuani, na bado mkono ukasimama, kwa sababu kweli alikuwa amelitaka dirisha lile tangu nyumba ya kwanza, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akilikumbuka.

"Linatazama jua?" aliuliza bila kugeuka.

"Moja kwa moja."

Hapo ndipo alipo sasa. Mkono kwenye komeo, uso kwako.

Na wewe uko nyuma ya pazia lako unachungulia. Wewe uliyeona bango la kwanza. Wewe uliyeona bango la pili, ukamwona akivunja kaunta yake mwenyewe, ukapandisha sauti ya redio usisikie nyundo. Kila mtaa una Kitufe wake, wako pia, na jina lake unalijua, na alichofanyiwa unakijua, na kila siku unamwitikia salamu huku umekifumbata. Anadhani ni yeye peke yake aliyeona. Anadhani labda ameona vibaya. Shahidi ni wewe.

Basi acha kusoma. Vaa viatu, au nenda bila viatu. Toka nje, vuka barabara, mpokee lile kapu, na umwambie kwa sauti ambayo yule mwanamume ataisikia: "Dada, mimi niliona. Nyumba zote mbili niliziona zikiuzwa." Mwambie kabla mkono haujaachia komeo akamrudia. Nenda!